Michezo ya kuchangamsha mikutano ya ukoo: wana Mwanza tupeane uzoefu

Mjomba wa Nyegezi
Wakuu, habari za majukumu. Desemba ukoo wetu unakutana kwa bibi Nyegezi kama kawaida. Wanatoka Geita, Shinyanga, Dar, na kuna mmoja anashuka na mke wake kutoka Kigali. Shida ni moja: pilau likishaliwa, kila mtu anainamia simu. Wababa wanahamia kivulini na bia zao, watoto wanagombania chaji, bibi anabaki kuongea na mbuzi. Safari hii kamati ya burudani nimeangushiwa mimi. Nataka michezo anayoweza kucheza mtoto wa miaka 6 na bibi wa 80, vifaa visiwe vya gharama. Mwenye uzoefu atiririke, iliyonoga na iliyoharibika. MC sitaki, bei zao nazijua.

SatoKichwa
Kukimbiza kuku. Funga uzi.

Mama Wawili
Sato usimpoteze mwenzio. Sisi tulikimbiza kuku Pasaka moja Bwiru, kwenye nyumba isiyo na ukuta, nyuma ni mawe tu mpaka ziwani. Jogoo akatoka nduki, vijana nyuma yake, akapanda jiwe ambalo hata pimbi wanalipanda kwa kujishauri. Shemeji yangu, mtu mwenye mwili wake, akasema hawezi kushindwa na kitoweo. Akapanda. Alipofika juu kuku akaruka chini akaendelea na maisha yake. Shemeji kushuka akashindwa. Akakaa kule amekumbatia jiwe, mke wake anamrekodi, watoto wanamwimbia. Tulimshusha kwa ngazi ya fundi rangi wa jirani, na suruali ilishachanika hapo hapo unapopafikiria. Kuku alirudi mwenyewe jioni, akaingia bandani kulala.
Kama una ukuta, fanya. Kama huna, achana na kuku.

SatoKichwa
Sasa hiyo si ndiyo burudani yenyewe?

Kando ya Ziwa
Naungana na Sato. Huyo shemeji alifanya kazi kuliko MC.

Mzee wa Kete
Vijana mnahangaika, bao lipo. Mashimo 32, kete 64, umeme hauhitaji.

Kando ya Ziwa
Mzee wangu shikamoo, ila bao ni la watu wawili. Kaomba mchezo wa kundi.

Mzee wa Kete
Marahaba. Inaonekana hujawahi kukaa kwenye bao la wajomba. Wanacheza wawili, wanaelekeza kumi, na wote kumi wanabishana kuhusu takata (zamu ya kusambaza kete bila kula) ya nani imeishia wapi. Kwetu Magu wazee walikuwa na isolo lao, yaani bao la Kisukuma, ukipita na ndoo ya maji unasimama mpaka mama anakuja na fimbo. Weka bao katikati, uone kama kuna mtu atakumbuka simu.

Mwana Igombe
Kuvuta kamba. Waliooa upande huu, walioolewa upande ule. Sisi huwa tunavutia mchangani pale ufukweni na wanawake wanatushinda kila mwaka. Siri yao ni kwamba shangazi mmoja anahesabu na wote wanarudi nyuma kwa pamoja. Wanaume kila mmoja anavuta kwa wakati wake, halafu tunalaumiana. Na huu si mchezo wa kitoto, ulikuwa Olimpiki.

ChaiRangi
Olimpiki ya wapi? Ya Usagara?

Mwana Igombe
Ya dunia. Kuanzia 1900 mpaka 1920. Mwaka 1908 kule London polisi wa Uingereza walizoa medali zote tatu, maana timu zao zilikuwa tatu. Kabishane na historia.

ChaiRangi
Polisi wanashindana na polisi halafu wanashinda polisi. Sawa.

Nesi wa Zamu
Kwenye kamba naomba mnisikilize. MTU ASIZUNGUSHE KAMBA MKONONI, wala kuifunga kiunoni. Ikikaza ghafla inaondoka na vidole. Taipei mwaka 1997 kamba ilikatika kwenye mchezo wa watu zaidi ya elfu, wanaume wawili waling'oka mikono. Shikeni kwa viganja, mkizidiwa achieni. Msiongeze watu mpaka watoto na wapita njia, 8 kwa 8 panatosha.
Na kama mnachezea ufukweni, michezo ya kuchota maji na kukimbiza vikombe tumieni maji ya bomba. Watoto kusimama ziwani saa nzima ni kualika kichocho.

Mama Wawili
Nesi umekuja na baridi lako, ila ni kweli.

DJ Mstaafu
Huu uzi umenikumbusha jambo ambalo kwetu mpaka leo halitajwi mezani.
Kuna mchezo wa viatu. Mume na mke wanakalishwa wamepeana migongo, kila mmoja ameshika kiatu chake kimoja na cha mwenzake kimoja. Anayeuliza anasema "nani anakoroma?", kila mmoja ananyanyua kiatu cha mhusika. Wao hawaonani, watu wote mnawaona. Ndipo utamu ulipo.
Ilikuwa sherehe ya ndoa ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, kutimiza miaka 10. Mimi nilikuwa kwenye muziki, kwa hiyo nilikaa mbele kabisa. Muulizaji ni shangazi, na shangazi akishika kipaza sauti hakitoki. Nani anaamka wa kwanza, kiatu cha shemeji. Nani anapoteza funguo, cha kaka. Watu wanacheka, mambo safi. Shangazi akaona amekolea, akauliza swali lake mwenyewe: "Nani ana mali ambayo mwenzake haijui?"
Kiatu cheusi cha kaka kikapanda. Cha kwake mwenyewe. Taratibu, na tabasamu la mtu mwenye jambo.
Na nyuma yake shemeji naye kanyanyua kile cha dhahabu. Cha kwake.
Nikapunguza muziki bila kuambiwa. Shangazi akawaambia wageuke. Kaka akasema, "Mimi nilitaka iwe zawadi ya mwisho wa mwaka. Nimenunua kiwanja Kisesa." Shemeji akashika mdomo. "Na mimi nimenunua Kisesa!" Jamani, vigelegele. Mama mkwe akavua kitenge cha begani akamtunza. Nikapiga wimbo wa kumshukuru Mungu, watu wakasimama.
Katikati ya wimbo shemeji akatoa simu amwonyeshe mumewe picha. Sasa nyie ni watu wa Mwanza, mnajua viwanja vyetu mtu anavitambua kwa mawe. Kwenye picha kuna jiwe kubwa, juu yake limekaa dogo limeinama kama linataka kuanguka, pembeni mkuyu. Kaka akaichukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaisogeza, akaivuta tena. Akasema, na kipaza sauti cha shangazi kilikuwa karibu kwa hiyo tulisikia sote: "Mbona hili jiwe ni langu?"
Dalali mmoja. Kiwanja kimoja. Kauziwa mume, kauziwa na mke.
Na dalali huyo ni jirani yao, alikuwa amealikwa. Sahani yake ya pilau tuliikuta. Yeye hatukumkuta.

SatoKichwa
Nimeshuka kwenye daladala nisome vizuri.

Kando ya Ziwa
Mkuu endelea!! Ikawaje??

Mama Wawili
Pilau aliimaliza au aliiacha? Inasaidia kujua aliondoka swali la ngapi.

ChaiRangi
Hii chai ina tangawizi, iliki na mdalasini. Viwanja vyote vya Kisesa, hao wawili wakutane kwenye jiwe moja?

DJ Mstaafu
Chai Rangi, wote wawili walitafuta kwa dalali wanayemfahamu, na anayemfahamu huyu ndiye anayemfahamu yule. Ungetegemea waende kwa nani? Mama Wawili, aliacha nyama.

Baharia Mstaarabu
Mimi shida yangu ni nyingine. Mke ananunuaje kiwanja kimyakimya? Hapo ndoa ipo?

Mama Wawili
Na mume aliyenunua kimyakimya mbona humuulizi?

Baharia Mstaarabu
Yeye alisema ni zawadi.

Mama Wawili
Na mwenzake alikuwa anamfichia adui? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake kama mumewe. Au ulikosoma wewe haikufika?

Baharia Mstaarabu
Haya, mwanasheria wa uzi amewasili.

Mjomba wa Nyegezi
Wakuu, naombeni turudi kwenye michezo. Ila DJ, ikawaje?

DJ Mstaafu
Dalali alipatikana, akarudisha hela ya mmoja, tena kwa mafungu. Sasa ni ya mmoja yupi, maana karatasi mbili zina tarehe zinazokaribiana. Kaka anasema ya mke ndiyo iliyorudi kwa hiyo kiwanja ni chake. Shemeji anasema kinyume chake. Wanaishi pamoja, wanakula pamoja, hilo hawaliongei. Shangazi hapewi tena kipaza sauti.

ChaiRangi
Nasubiri picha ya jiwe.

Malimbe Ghetto
Chuoni tulikuwa tunacheza mmoja mtamu sana wa watu kumi hivi. Wengi ni wanakijiji, wawili watatu ni wachawi, na hamjui nani ni nani. Kiongozi anasema usiku umeingia, wote mnafumba macho, wachawi wanafumbua na kuchagua wa kumuua. Asubuhi mnaamka, mnabishana na kumpigia kura mnayemshuku. Ulianzia Moscow mwaka 1986, aliubuni mwanafunzi wa saikolojia, kule walikuwa wanauita wa mafia. Hautaki kifaa chochote, ni mdomo tu. Kwa ukoo utawafaa.

Mzee wa Kete
Usiupeleke huo kwa bibi.

Malimbe Ghetto
Kwa nini mzee? Ni mchezo tu.

Mzee wa Kete
Mwanangu, Usukumani kuna bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Leo unamkalisha bibi wa miaka 80 kwenye duara, wajukuu wanamnyooshea kidole "wewe ni mchawi", halafu mnapiga kura ya kumuua. Wewe unacheka. Yeye anakumbuka nani alizikwa.

Malimbe Ghetto
Daah. Hapo mzee umenipata.

Mwana Igombe
Sisi tunaucheza, ila tumebadilisha. Badala ya wachawi ni wezi wa nyavu. Usiku unaingia, mwizi anachagua wa kumwibia nyavu, asubuhi kijiji cha wavuvi kinakaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kujadili. Ladha ni ile ile, na mjomba wangu mvuvi anaucheza kwa hasira za kweli.

Mama Wawili
Huo nauchukua.

Kando ya Ziwa
Kuna mtu amesahau viti na muziki? Kizuri kuliko vyote. Ila viti vya plastiki vitawamaliza, kwetu mama mdogo alikaa na mwenzake kwa pamoja, miguu ya kiti ikafunguka pande nne. Siku hizi tunatandika kanga chini, muziki ukizima unasimama juu ya kanga. Anayekosa anatoka na kanga moja inaondolewa.

Nesi wa Zamu
Kanga kwenye vigae zinateleza. Chezeeni kwenye majani.

Kando ya Ziwa
Nesi wewe sherehe zako mnafanyia wodini?

Binti Kisesa
Nashangaa hakuna aliyetaja ngoma. Wote hapa mnajua Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora mwezi wa sita, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinavyoshindana. Makundi mawili yanacheza muda ule ule, uwanja ule ule, na watazamaji ndio wanaokimbia huku na huku. Mwenye watu wengi kashinda. Ndiyo maana wanatoka na nyoka na vituko vya kila aina, lazima umtoe mtu kwa mwenzako. Fanyeni hivyo hivyo: gaweni ukoo mara mbili, kila kundi lipewe nusu saa ya kujiandaa jikoni au nyuma ya nyumba, halafu waanze kwa pamoja. Waliobaki watembee kwa miguu yao. Kwetu kaka yangu mhasibu, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, alivaa ungo kichwani akatambaa kama nungunungu, upande wa pili ukabaki na mpiga ngoma peke yake.

SatoKichwa
Nyoka wanapatikana wapi?

Binti Kisesa
Tumia mpira wa maji.

Mama Wawili
Na zawadi usisahau. Hata sabuni ya mche. Bila zawadi watu wazima hawanyanyuki.

Mwana Igombe
Napinga. Ukiweka zawadi unaharibu. Tuliweka kreti ya soda kwenye mbio za magunia, watu wakaanza kudai marudio na kupima magunia kwa rula.

Mama Wawili
Kwa hiyo walinyanyuka.

Mjomba wa Nyegezi
Shukrani wakuu. Wezi wa nyavu nimepitisha, ngoma nimepitisha, kamba nimepitisha. Viatu sitaki hata kusikia, nina mashaka na watu wa Geita. Sasa kamba nene napata wapi, ya bei ya kibinadamu?

Mwana Igombe
Nenda Mwaloni Kirumba, wauza nyavu wanazo za kufungia mitumbwi.

Nesi wa Zamu
Usichukue ya nailoni. Inavutika, ikikatika inarudi kama mjeledi. Tafuta ya katani, ya unene unaojaa kiganjani.

Mwana Igombe
Ya katani inachoma mikono.

Nesi wa Zamu
Ikichoma utaachia. Ndivyo ninavyotaka.