Trola za kamba Ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya: zibaki au ziondoke?

Pwani_Kwetu: Trola, meli zinazokokota wavu kuvua kamba (wale jamaa wakubwa wa uduvi), zilipigwa marufuku 2006, zikarudi 2011 kwa masharti: zikae nje ya maili 3 kutoka pwani, zisivue usiku, na Novemba hadi Machi zisiingie kabisa. Mimi nasema ziondoke. Kila kilo ya kamba hupanda na kilo kadhaa za samaki, wengi wachanga, na hutupwa majini wamekwisha kufa.

Sitahani: Sheria ni maili 5. Na mkitaka kujua nani anamaliza kamba, tazameni juya, ule wavu mrefu wa kukokota kwa mikono, na vyandarua vinavyokokotwa mikokoni Kipini na Ngomeni.

Bin_Kipini: Juya mikokoni? Ikokotwe wapi, kwenye mizizi? Itachanika kabla haijafika nusu. Juya huvutwa ufuoni, penye mchanga. Usitusingizie kitu usichokijua.

Sitahani: Nimesema na vyandarua. Matundu ya milimita 2 hivi yanamwacha nani?

Mama_Tana: Maili 5 ni sheria ya zamani, masharti ya 2011 ni 3. Lakini la vyandarua ni kweli, Bin Kipini, usilikwepe. Kamba mweupe hutaga baharini, vitoto huingia mikokoni kukulia miezi kadhaa, kisha hutoka. Ukimzoa mle umemchukua kabla hajataga hata mara moja. Anayetoka naye hutua maji madogo yenye tope, mbele ya mito Tana na Sabaki, ndiyo maana trola zinayatamani maji yale ya karibu na pwani.

Bin_Kipini: Chandarua ni cha wachache na kimekatazwa, juya vilevile. Trola ina leseni! Na kasa wanaonaswa wavuni je?

Sitahani: Kuna kichujio cha kasa, fremu ya nondo ndani ya wavu: kamba hupenya, kasa hutokea mlangoni. Nondo zisiachane zaidi ya sentimita 10, na fremu ilale kati ya digrii 30 na 55. Ikisimama sana, mwani na magogo hujazana mbele yake, kasa akakosa pa kutokea. Ikilala sana, kamba wanamwagika mlangoni. Ikifungwa sawasawa inafanya kazi, na watu wa sitahani wanalijua hilo.

Mama_Tana: Nondo hazina neno. Mlango ndio hushonwa uzi meli ikishang'oa nanga, ili kamba wasipotee. Mkague wavu unapopandishwa, si bandarini.

Bin_Kipini: Nani aukague? Mkaguzi anapanda trola hiyohiyo, anakula humo, analala humo. Mpeni boti yake kwanza.