Filamu ya takataka: ioneshwe Kampala au tuiache?

Mzee wa Wandegeya: Juzi vijana wa mtaani walituonesha filamu ya Damien Hirst, ile iliyotokana na igizo la Beckett liitwalo Breath. Haifiki dakika. Kilio cha kichanga, pumzi ndani, pumzi nje, kilio kilekile, kwisha. Mtu humwoni, ni takataka tu, na za hospitali zimo. Baada ya jalala letu la Kiteezi kuporomokea watu, hii ni ya kuoneshea watu?

Ssebo Mpole: Si ndiyo ile yenye watu uchi?

Dada Salma: Hao uchi waliongezwa jukwaani New York, 1969, na Beckett aliwaka. Yeye aliandika taka tu, tena isiwepo iliyosimama, zote zilale. Niliposoma hapo nikaona Kiteezi: mlima ulisimama miaka, siku moja ukalala juu ya watu. Ioneshwe.

Kijana wa Kibanda: Hata VJ, yule mtafsiri wa filamu vibandani, angekwama. Atafsiri nini, mtu anavyohema?

Afande Mstaafu: Kiteezi mnaililia bure. Nani alimtuma mtu ajenge ubavuni mwa jalala?

Mama Junior: Banange! Jalala lilifunguliwa 1996. Shangazi yangu alikuwa na migomba pale kabla ya lori la kwanza. Hakulifuata jalala, lilimfuata.

Afande Mstaafu: Basi angehama. Mpaka 2023 linaporomoka alikuwa anangoja nini?

Mama Junior: Agosti 2024! Wamekufa watu zaidi ya 30, mwaka wenyewe huujui, halafu unatufundisha pa kujenga.

Afande Mstaafu: Nimekosea mwaka, sijakosea hoja.

Kijana wa Kibanda: Mwenye hoja anakaa Ntinda, si Kiteezi. Afande, taka zako zilikuwa zinakwenda wapi, ziwani?

Afande Mstaafu: Mimi nalipia lori kila mwezi. Usiniingize.

Mama Junior: Unalipia zikawalalie wengine.

Ssebo Mpole: Lakini hao waliovua nguo New York, walilipwa?

Dada Salma: Jamani, swali lilikuwa filamu. Mzee, rudisha watu kwenye mada.

Mzee wa Wandegeya: Filamu ingoje kidogo. Afande, hilo lori lenu hupita siku gani? Kwetu magunia manne yako getini tangu Jumanne, na mbwa wameshayapasua.