Nimechorewa NG'OMBE mbele ya darasa zima, kisa alama ya "si sawa na"

Wakuu, naandika kwa ngumi.

Yule mheshimiwa wa takwimu, mnamjua, yule mwenye suruali inayoishia kifuani, leo kanivua nguo mchana kweupe. Swali lilisema mfuko wa saruji umeandikwa kilo 50, wateja wanalalamika ni pungufu. Imepimwa mifuko 49, wastani kilo 49.8, mkengeuko sanifu 0.8. Nikapata zedi (umbali wa wastani kutoka 50 kwa kipimo cha takwimu) ya -1.75, safi kabisa. Nadharia tete mbadala (dai unalotafutia ushahidi) nikaandika wastani SI SAWA na 50, maana nilitaka kumtendea haki kila mtu. Hiyo ndiyo testi ya mikia miwili, unakagua kuzidi na kupungua kwa pamoja. Kizingiti chake 1.96, haijafika, hakuna ushahidi. Nikapiga mistari miwili chini kwa rula.

Akaishika karatasi yangu kwa vidole viwili kama kaokota panya. Akaenda ubaoni. Akachora NG'OMBE. Mikia miwili! Mmoja nyuma, mwingine kauchomeka puani. Kisha anauliza, "Huyu maji anakunywea wapi?"

Watu 200. Hata yule jamaa aliyelala tangu mwaka wa kwanza aliamka, akacheka, akalala tena.

Na ng'ombe alikuwa na chuchu, wakuu. Muda wa kuchora chuchu anao, wa kusahihisha testi hana!

Fundi Namba: Pole mkuu. Ila mteja akilalamikia "pungufu", mkia ni wa kushoto tu. Kizingiti ni -1.645, na -1.75 yako imeshakipita. Kiwanda kilikuwa kimeshakamatwa, wewe ukakitolea dhamana.

Mleta uzi: Umetumwa. Sijauliza mkia uko wapi, nauliza alichora ng'ombe kwa kibali cha nani?

Bibi Sapu: Mimi iliniua "angalau". Kampuni inadai betri inadumu angalau saa 100, tupime kama inadanganya. Nikakimbilia mkia wa kulia, wa kuzidi. Kumbe dai lao linakaa kwenye nadharia tete sifuri (ile inayoshikiliwa mpaka ushahidi uiangushe), anayewapinga ndiye anakwenda kushoto. Likizo nzima nimeila chuoni.

Sikio la Kufa: SPSS yangu, ile programu ya takwimu, imetoa p (nafasi ya kuona tofauti kubwa hivi kama nadharia tete sifuri ni kweli) ya 0.080 kwa mikia miwili. Nigawe kwa mbili?

Fundi Namba: Gawa, kama matokeo yameelekea upande uliodai TANGU MWANZO. Unapata 0.040. Ukisubiri uone namba ndiyo uchague mkia, huo ni ushirikina.

Mwana Njombe: Mkia wa kulia njooni muuone huku. Gunia la viazi kilo 100, mnunuzi analivisha lumbesa mpaka 130. Hapo hakuna cha "si sawa na", mkulima anajua vizuri anaibiwa upande gani.

Mama Ntilie Msomi: Na mitungi ya gesi je? Wa kilo 6 kwangu haumalizi wiki mbili.

Sikio la Kufa: Unapika maharage makavu hayo.

Mama Ntilie Msomi: Naloweka usiku kucha! Usinifundishe jiko.

Mwana Njombe: Ya Mbeya hayahitaji kulowekwa.

Mama Ntilie Msomi: Nani kakudanganya?

Mleta uzi: Jamani, ng'ombe wangu?

Mwana Njombe: Ng'ombe gani tena? Mkuu, ya mifugo fungua uzi wako.