Duka la programu limekataa malipo ya simu kwenye apu yangu ya wanafunzi. Nifanyeje?

Fundi_Noti (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi na mwenzangu tuna apu ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Ndani kuna noti za Fizikia, Kemia na Baiolojia, mitihani iliyopita na majibu yake, na jioni kuna walimu wawili ambao mwanafunzi anaongea nao kwa video, mmoja mmoja. Bei ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Mzazi anabonyeza "Lipia", anaandika namba yake, kidirisha kinaibuka kwenye simu, anaweka namba ya siri, kwisha. Kuna mama wa Nzega ambaye hajawahi kuwa na barua pepe maishani mwake na analipa bila kuuliza mtu.

Wiki mbili zilizopita tulipeleka toleo jipya kwenye duka moja kubwa la programu (silitaji, bado tunakula kwao). Wakalikataa. Wanasema noti ni bidhaa ya kidijitali, kwa hiyo lazima zilipiwe kwa mfumo wa malipo wa duka, na wao wakate kamisheni yao. Tukaondoa kitufe, tukabakiza mstari mmoja chini ya ukurasa: "Lipia kwenye tovuti yetu kwa simu." Ikarudi tena, safari hii kosa ni huo mstari. Maneno sita!

Tukajaribu mfumo wao kwa familia 40 za wateja wetu wa zamani. Waliofanikiwa kulipa ni watatu. Wengine wote walikwama palepale, sehemu ya kujaza kadi ya benki.

Nimesoma kwamba mwaka 2025 mahakama ya Marekani iliwazuia Apple kutoza kamisheni kwa malipo yanayofanyika nje ya apu. Je, na sisi inatuhusu? Kama haituhusu, nikubali mfumo wao, nihamie kwenye tovuti moja kwa moja, au nisambaze faili WhatsApp nimalizane nao? Natanguliza shukrani.

Kijiweni_Sinza

Sambaza WhatsApp mkuu. Apu za kubeti zimeenea nchi nzima kwa njia hiyohiyo. Unajitesa bure.

BintiPangani

Ngoja kwanza tusimpoteze mwenzetu.

Mkuu, uliyofanya wewe ndiyo waliyofanya kampuni ya gemu ya Epic Games Agosti 2020. Waliweka njia yao ya kulipa ndani ya gemu yao ya Fortnite, Apple wakaing'oa dukani siku hiyohiyo, na kesi ikafunguliwa siku hiyohiyo. Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa Marekani akatoa hukumu Septemba 2021, na hapa ndipo watu wengi mitandaoni wanapotosha: Epic walishindwa madai 9 kati ya 10. Mahakama haikusema kamisheni ya Apple ya wakati huo, asilimia 30, ni haramu. Haikusema Apple wamehodhi soko. Kilichosimama ni dai moja, kwamba ni kosa kumziba mdomo msanidi (mtengeneza apu) asimwambie mteja kuwa kuna njia nyingine ya kulipa. Yaani yale maneno yako sita.

Apple wakaenda rufaa, wakagonga mwamba, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Basi wakasema sawa, weka kiungo, ila mteja akilipa huko nje tutakata asilimia 27. Wewe gharama za kupokea malipo unazibeba mwenyewe, kwa hiyo ukijumlisha unarudi kwenye 30 au unapita. Aprili 30, 2025 jaji yuleyule akasema wamekaidi amri kwa makusudi, akaifuta kamisheni hiyo. Mambo yakaendelea kwenye rufaa.

Sasa jibu la swali lako: amri ile ni ya duka la Marekani. Mama wa Nzega akifungua duka kwenye simu yake anafungua la Tanzania. Hayumo.

Mzaramo_Utrecht

Naongezea. Hapa Uholanzi vita ilianzia kwenye apu za uchumba, msicheke. Mamlaka ya ushindani iliwaagiza Apple waruhusu apu hizo zipokee malipo kwa njia nyingine. Wakasuasua, wakapigwa faini ya euro milioni 5 kila wiki mpaka ikafika milioni 50. Walipokubali, kamisheni ikawa 27. Korea Kusini walitunga sheria mwaka 2021, Apple wakasema 26. Google nao waliporuhusu njia mbadala huko Korea walipunguza pointi 4.

Umeona mchezo? Mlango unafunguliwa, kizingiti kinabaki palepale. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipokuja na sheria ya masoko ya kidijitali haukuishia kwenye "ruhusu kiungo", ukaanza kuchunguza na masharti yanayoning'inizwa kwenye kiungo chenyewe. Aprili 2025 Apple wakapigwa euro milioni 500 kwa hilo.

Mhasibu_wa_Jioni

Mimi nitakuwa adui wa uzi huu. Acheni kumtisha na 30, yeye 30 haimhusu. Tangu 2021 Apple wana mpango wa wasanidi wadogo, chini ya dola milioni 1 kwa mwaka unakatwa 15. Google nao wanakata 15 kwenye dola milioni ya kwanza. Fundi_Noti hajafika huko, au kama amefika aje anikopeshe.

Kwa bei ya 3,000, asilimia 15 ni 450. Anayekukusanyia malipo ya simu anakukata ngapi?

Fundi_Noti

Asilimia 3 mkuu. Shilingi 90.

Mhasibu_wa_Jioni

Tofauti ni 360 kwa mteja. Kwa 360 duka linakuhifadhia faili, linakusambazia matoleo mapya, linachuja matapeli, linamrudishia mteja pesa akilalamika. Ukipanga fremu Kariakoo unatoa kilemba kabla hata hujaweka bidhaa, na humwiti mwenye fremu dhalimu.

BintiPangani

Kaka Mhasibu, kilemba sawa. Ila mwenye fremu wa Kariakoo hamwambii mteja wangu pesa yake ipitie kwanza mfukoni kwake. Wala hanikatazi kubandika karatasi mlangoni kwamba nina tawi Manzese. Halafu rudi kwenye namba za mleta uzi: 3 kati ya 40. Hizo 360 hazina maana kama watu 37 hawawezi kulipa kabisa. Wamarekani wanagombania asilimia kwa sababu kila mtu kule ana kadi. Sisi tatizo letu ni mlango wenyewe.

Mhasibu_wa_Jioni

Hapo kwenye 37 nakubali. Sikuusoma uzi vizuri.

MamaWawili_Moro

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Niwaambie inavyokuwa huku. Simu ni moja, yangu, watoto wanaipokezana. Mwaka jana niliweka kadi ile ya mtandaoni ya kampuni ya simu ili mkubwa anunue kamusi. Mdogo akanunua almasi za gemu hadi salio likaisha. Nikaitoa kadi, sirudishi tena.

Kingine, mnasema "kwa mwezi, inajikata yenyewe". Nani kawaambia mimi nina pesa kila mwezi? Nalipa mpunga ukiuzwa. Nikiwa nayo nalipa miezi minne, nisipokuwa nayo mtoto anasubiri. Nikiletewa ujumbe kwamba nimekatwa bila kuweka namba yangu ya siri, hiyo kwangu ni wizi, hata mniambie ni sheria ya duka.

Fundi_Noti

Dada umeniambia kitu ambacho mimi na mwenzangu hatukukiwaza. Tuna wazazi wengi wanaolipa Julai halafu wanapotea mpaka Novemba, tukadhani hawajaridhika na noti.

Kijiweni_Sinza

Bado nasema WhatsApp.

Kodi_na_Kodi

Kijiweni, hiyo faili ikishatoka mkononi mwako huijui tena. Mtu anaifungua, anabadilisha namba ya kupokelea pesa, anaisambaza upya kwa jina lako na nembo yako. Limempata jamaa yangu wa apu ya mahubiri, waumini wakachangia miezi miwili pesa zikienda kwa mtu wasiyemjua. Halafu simu yenyewe inamtolea mzazi onyo kwamba faili limetoka chanzo kisichojulikana, nusu wanaishia hapo. Na Google walitangaza Agosti 2025 kwamba hata apu zinazowekwa nje ya duka lao, msanidi atatakiwa ajisajili na kuthibitisha utambulisho wake, wakianza na nchi chache mwaka 2026. Njia hiyo haitabaki ya bure bure hivi.

BintiPangani

Fundi, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Sijui ni duka gani na sikuulizi, kwa hiyo nakupa linaloenda kote, panapotofautiana nakwambia.

Malipo yahamie kwenye tovuti. Mzazi anafungua akaunti kwa namba ya simu, analipa kwa simu, mtoto anaingia kwenye apu kwa akaunti hiyohiyo na kukuta kila kitu kimefunguka. Netflix wanaishi hivyo kwenye iPhone tangu 2018, hawauzi chochote ndani ya apu. Usije ukatumia namba za vocha za kufungulia noti, Apple wanakataa mchana kweupe. Kuhusu malipo hayo ya tovuti, ndani ya apu pasiwe na neno "lipa", wala bei, wala anwani.

Google wanaruhusu apu ambayo ni ya kutumia tu, isiyouza. Apple wana kundi la apu za kusoma, yaani vitabu, magazeti, muziki, video, ambazo nazo haziuzi ndani. Noti zako unaweza kujaribu kuzitetea kama vitabu, ila mitihani yenye kusahihishwa ndani ya apu inaweza kukutoa kwenye kundi hilo. Wakikutoa, unaruhusiwa kumhudumia aliyelipa kwenye tovuti mradi bidhaa hiyohiyo iuzwe pia kwa mfumo wao. Basi iweke, lakini kwa 3,500. Ukiondoa 15 unabaki na 2,975, karibu sawa na 2,910 unayopata kwenye simu. Bei si lazima zilingane. YouTube kwenye iPhone wanauza ghali kuliko kwenye tovuti yao.

Sasa kitu ulichokipitia harakaharaka kama hakina maana: walimu wa video. Kanuni za Apple zinasema huduma ya moja kwa moja kati ya watu wawili, na mfano wenyewe waliotoa ni kumfundisha mwanafunzi, inaweza kulipiwa kwa njia nyingine, ndani ya apu. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Akiongezeka wa pili likawa darasa, msamaha umeisha. Kwa hiyo tenganisha: kipindi cha mwalimu kiwe bidhaa peke yake yenye kidirisha chako cha namba ya siri. Ulivipeleka vikiwa fungu moja na noti, ndiyo maana vyote vimezama pamoja.

Na wazazi uwaandikie. Tangu 2021, baada ya kesi ya wasanidi wadogo wa Marekani kumalizwa kwa makubaliano, Apple wameondoa katazo la kumtumia mteja barua pepe kumweleza njia nyingine za kulipa, mradi mwenyewe aliridhia kupokea. Mama wa Nzega hana barua pepe, lakini ujumbe wa simu anausoma.

Wakili_Chini_ya_Mwembe

Kuhusu kushtaki. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani. Kuwa mkubwa si kosa, ni lazima uonyeshe ukubwa huo umetumikaje kuua ushindani. Ile 3 kati ya 40 yako ni ushahidi mzuri kuliko makala zote utakazobandika. Iandike vizuri: tarehe, idadi, kila mmoja alikwama hatua ipi. Hifadhi na barua zote mbili za kukataliwa.

Afrika Kusini tume yao ilichunguza maduka ya programu pamoja na majukwaa mengine ya mtandaoni, ripoti ikatoka 2023, na suala la kuwazuia wasanidi kuelekeza wateja kwenye malipo ya nje limo ndani. Hiyo ni tume ya Kiafrika, si ya Ulaya. Ila usiende peke yako. Tafuteni apu kumi zenye shida hiyohiyo muandike pamoja. Na itachukua muda, mtihani wa kidato cha nne hautawasubiri.

Fundi_Noti

Asanteni sana wakuu. Narudi na mrejesho.

Fundi_Noti (siku 11 baadaye)

Mrejesho. Tumefuata ya BintiPangani karibu yote. Noti zinafunguka kwa akaunti, ndani ya apu pia zipo kwa 3,500 kwa anayetaka, na kipindi cha mwalimu kinalipiwa kwa simu kama zamani. Ya MamaWawili tumeiweka kwenye tovuti: unalipa miezi unayotaka, hakuna kinachojikata. Toleo limekubaliwa juzi saa 4 usiku, mwenzangu alipiga kelele jirani akatoka nje.

Wakili, tumepata apu nne, bado sita.

Tatizo jipya: mzazi mgeni akifungua apu anaona "Ingia" na ile bei ya 3,500 inayotaka kadi, basi. Hakuna panapomwambia kwamba kuna tovuti. Jana nimepokea simu 17, zote swali moja, "Mwalimu, sasa nalipia wapi?" Nawajibu kwa mdomo, mmoja mmoja. Kwa mdomo hawajakataza.