1310 inapita, 1550 inakwama: mita 70 za faiba zinakula karibu 7 dB wapi?

FaibaMtaani

Wakuu, hamjambo. Nina laini ya GPON (intaneti ya faiba moja inayogawanywa kwa wateja wengi) kwenye jengo la ghorofa nane huku Pipeline, Nairobi, ambayo vipimo vyake havipatani. Splita ya mwisho, yaani kigawanyio cha mwanga, iko kwenye nguzo nje ya geti. Ni ya 1:8, na iliyo nyuma yake pia ni 1:8. Tundu la mteja pale linatoa −20.1 dBm (nguvu ya mwanga; ikizidi kuwa hasi, mwanga ni hafifu zaidi) kwa urefu wa wimbi wa nanomita 1490. Nikipanda ghorofa ya sita, pawa mita inasoma −26.9. Katikati ni kebo ya mita 70 tu, ambayo haifai kula hata 1 dB. Taa ya LOS, ya kuonya kwamba mwanga haufiki, inawaka mara tatu nne kwa siku, kisha inazima yenyewe.

Nimechomoa upande wa splita nikapiga OTDR, mashine inayotuma mwanga na kusoma mwangwi wake ili kuonyesha hasara iko mita ya ngapi. Kwa 1310 jumla ya hasara ni 1.3 dB. Kwa 1550 jumla ni 9.6 dB, na karibu yote inaangukia mita ya 42. Taa nyekundu ya kutafutia hitilafu inafika juu bila shida, na hakuna mahali kebo inang'aa. Kebo ni G.652D (faiba ya kawaida) hadi mita ya 58, halafu imesplaisiwa, yaani imeunganishwa kwa kuyeyushwa, na kipande cha mita 12 cha G.657A2 (faiba inayovumilia kukunjwa) kinachoingia nyumbani. Kwenye splaisi hiyo OTDR inadai, kwa 1310, kwamba mwanga *umeongezeka* kwa 0.24 dB.

Kioo ni kimoja, kebo ni moja. Inawezekanaje rangi moja ya mwanga ipite na nyingine ikwame? Na hiyo splaisi inayozalisha mwanga nimwamini nani?

---

KiiniNaGanda

Mkuu, hapo mita ya 42 kebo imekunjwa. Vipimo vyako havigombani, vinasema jambo moja.

Picha tuliyofundishwa shuleni, ya mshale wa mwanga unaodunda kwenye kuta za kioo, inafaa kwa kuanzia lakini hapa haisaidii. Kiini cha faiba hii kina upana wa mikromita 8 hadi 9 tu, yaani mara tano hadi saba ya urefu wa wimbi lenyewe. Katika nafasi finyu hivyo mwanga haudundi kama mpira. Unasafiri kama wimbi moja nene, kitovu chake kikiwa ndani ya kiini na mkia wake ukiburuzwa ndani ya ganda la kioo linalokizunguka. Kwa G.652D ya kawaida, kipenyo cha wimbi hilo ni kama mikromita 9.2 kwa 1310 na 10.4 kwa 1550. Kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo kiini kinavyolishika kwa ulegevu, na mkia unazidi kutoka nje.

Sasa lipitishe kwenye kona. Umewahi kutazama gwaride likigeuka: askari wa ndani anakanyaga karibu papo hapo, wa nje anatupa hatua ndefu ili mstari usivunjike. Wimbi nalo liko hivyo. Sehemu ya mkia iliyo upande wa nje wa kona lazima iende kasi zaidi ili ibaki sambamba na kitovu. Kona ikiwa kali, kuna umbali fulani kutoka katikati ambapo mkia ungehitaji kwenda kasi kuliko mwanga unavyoweza kwenda ndani ya ganda. Hauwezi, kwa hiyo kipande hicho kinaachana na safu na kupotelea nje. Mkia wa 1310 ni mfupi, haufiki mbali hivyo. Mkia wa 1550 unafika. 1490 iko katikati, na wewe mwenyewe umepata 6.8 dB, katikati ya 1.3 na 9.6.

Taa nyekundu inakudanganya kwa sababu hiyohiyo. Iko karibu na 650, wimbi fupi linaloshikwa na kiini kwa nguvu sana. Inafaa kwa faiba iliyokatika au iliyovunjwa kabisa. Mkunjo unaoua 1550 inaupita, na hata ikivuja kidogo, koti jeusi la kebo linaificha.

Kuna kipimo unachoweza kufanya bila kutoka ofisini. Soma namba nne kutoka kwenye OLT, mashine ya kampuni inayotuma mwanga: nguvu inayotumwa na inayopokelewa, kila upande. Tuseme OLT inatuma +3.0 na ONU, kifaa cha nyumbani kwa mteja, inapokea −26.9: upotevu wa kushuka ni 29.9. ONU inatuma +2.0 na OLT inapokea −22.9: upotevu wa kupanda ni 24.9. Kushuka ni 1490, kupanda ni 1310. Kwenye laini nzima 1310 ndiyo inayopoteza zaidi kidogo, kwa sababu inakula kama 0.35 dB kwa kilomita wakati 1490 inakula chini ya 0.25. Ukiona kushuka kunapoteza *zaidi* ya kupanda, tena kwa 5 dB, tafuta kona kabla hujafungua konekta yoyote.

Hii ndiyo sababu unakuta OLT inamwona mteja vizuri na huduma kwa wateja wanamwambia laini iko sawa, wakati ONU yake ya daraja B+ mwisho wake ni −27 na inaning'inia ukingoni. Mteja hajakosea. Kilichopimwa ni njia moja tu kati ya mbili.

---

KijaniNaBluu

Nakubali kuhusu kona, lakini usiruke konekta. Hiyo 1.3 dB ya 1310 kwa mita 70 bado ni nyingi. Kioo chenyewe kwa urefu huo kinakula 0.025 dB tu. Konekta mbili nzuri na splaisi moja hazifai kuzidi 0.7. Kona itakuwa imechangia kidogo, ila ningeangalia mambo mawili.

La kwanza, rangi. Konekta ya kijani, APC, imechongwa mwinamo wa digrii 8. Ya bluu, UPC, ina uso uliolala mraba. Ukizikutanisha, nyuso hazigusani sawasawa na katikati inabaki hewa. Kila mpaka kati ya kioo na hewa unarudisha kama asilimia 3.6 ya mwanga ulikotoka. Mbaya zaidi ni mwinamo wenyewe: mwanga unatoka umepinda na haulengi kiini cha upande wa pili, na nguvu nyingi inapotea hapo. Tena ncha zinachubuana, na ukirudisha konekta sahihi baadaye, mchubuko unabaki.

La pili, uchafu. Hujasema kama umesafisha, wala kwa kutumia kitu gani. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, ina maji na mara nyingine mafuta, na yote yanakauka juu ya kioo. Tumia isopropili ya asilimia 99 kwenye karatasi isiyotoa nyuzi, futa mara moja kuelekea upande mmoja, halafu pitisha karatasi kavu palepale. Kisha tazama kwa darubini ya konekta, ukuzaji wa 200 au 400, *kabla* ya kuchomeka. Punje ya mikromita 9 inaweza kufunika kiini chote. Ukiichomeka ikiwepo, inasagwa na kuhamia upande wa pili, na sasa una konekta mbili mbovu. Na usichungulie faiba yenye mwanga: 1490 huioni ila jicho linaipokea.

Tofauti na kona ni kwamba uchafu na hewa havichagui sana urefu wa wimbi. Vinakula 1310 na 1550 karibu sawa.

---

SplaisiSafi

Nijibu la splaisi inayozalisha mwanga. Haizalishi chochote.

OTDR haipimi mwanga unaofika mwisho. Inapima ule mdogo unaotawanywa na kioo chenyewe na kurudi nyuma, halafu inakisia. Faiba yenye kiini kinachoshika wimbi kwa ufinyu inarudisha zaidi. G.652D yako ina wimbi la mikromita 9.2, na G.657A2 nyingi zina 8.6 hivi, zote kwa 1310. Ukivuka kutoka pana kwenda finyu, mwangwi unapanda ghafla na mashine inadhani mwanga umeongezeka. Tofauti hiyo peke yake inaleta karibu 0.29 dB. Ukipima kutoka upande wa nyumbani utaona kinyume, hasara ya kutisha. Pima pande zote mbili, jumlisha, gawanya kwa mbili: ukipata −0.24 upande mmoja na +0.34 upande mwingine, splaisi yako ni 0.05 dB, na hiyo ni nzuri. Watu wanavunja splaisi nzima na kuirudia mara tano kwa kusoma upande mmoja tu, wakimaliza sliivu za kukinga splaisi na uvumilivu bure.

Kwa kipimo hicho weka kebo ya kuanzia na kebo ya kupokelea, walau mita 150 kila moja, la sivyo konekta ya kwanza na ya mwisho zinapotelea kwenye upofu wa mashine. Tumia mpigo wa nanosekunde 10 au chini. Mpigo wa 10 una urefu wa mita mbili ndani ya faiba, na kwenye mchoro wa OTDR unachukua mita moja. Ukiacha ule wa 100 uliokuwa wa kebo ya mtaani, matukio yako yote ya mita 42 na 58 yanaweza kumezana.

Namba ya kioo, ile inayoiambia OTDR mwanga unakwenda kasi gani ndani ya faiba, usihangaike nayo hapa. Ukikosea 0.001 kwenye mita 70 unapotea sentimita 5. Ni kwenye kilomita 70 ndipo kosa hilohilo linakutuma kuchimba karibu mita 48 mbali na penye tatizo.

Jambo moja ambalo mafundi wa huku wanalisahau: mashine ya kusplaisi inayeyusha kioo kwa cheche ya umeme hewani, na hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Cheche inabadilika. Mashine ikitoka Pwani, fanya kalibresheni ya cheche kabla ya splaisi ya kwanza, na urudie ukibadilisha elektrodi. Nyingi zina kihisi cha mgandamizo wa hewa, lakini hakijui elektrodi zako zimechakaa kiasi gani. Ukiona splaisi zina kiputo au zimenyongeka kiuno wakati mkato wa faiba umeinama chini ya digrii 1, anzia hapo.

---

FaibaMtaani

Asanteni sana, wakuu. Nimerudi na namba.

Mita ya 42 iliangukia ghorofa ya nne, pale trankingi inapotoka kwenye ngazi kuingia koridoni. Kifuniko kilipofunguliwa, kebo ilikuwa imelazwa kwenye pembe ya mraba na kubanwa na kamba ya plastiki ya kufungia, imekazwa hadi koti limebonyea. Nilipima duara la mkunjo kwa sarafu ya shilingi 20: kona ilikuwa kali kuliko ukingo wa sarafu. Kamba ilipokatwa tu, huku pawa mita ikiwa imechomekwa juu, kipimo kilipanda kutoka −26.9 hadi −22.3. Kebo ilipotolewa kwenye pembe na kupewa duara kubwa, kikafika −20.8.

Konekta ya nyumbani nayo ilikuwa na alama ya mafuta chini ya darubini. Baada ya kuisafisha kwa isopropili: −20.6. Kushuka na kupanda sasa vinatofautiana kwa 0.3 dB, na kupanda ndiko kunakopoteza zaidi.

Splaisi ya mita 58 kwa pande mbili: −0.24 na +0.36. Nimeiacha.

Swali la mwisho: pale ilipobonyea nipaache?

---

KiiniNaGanda

Usipaache. Kioo kilichokaa kimekunjwa kwa nguvu kinakuwa na nyufa ndogo juu yake upande uliovutika, na nyufa zinakua polepole, hasa penye unyevu. Leo kinapitisha vizuri, kesho kinakatika bila mtu kukigusa.

Vuta kebo mpya ya G.657A2 kutoka nguzoni hadi ndani, ili usiwe na splaisi ya katikati. Faiba hiyo ina pete ya kioo cha namba ya chini inayokizunguka kiini, na pete hiyo ndiyo inayokata mkia wa wimbi kabla haujafika pa kuvujia. Kiwango chake kinaruhusu duara la nusu kipenyo cha milimita 7.5, mzunguko mmoja usizidi 0.5 dB kwa 1550. A1 inaishia milimita 10. G.652D uihesabie 30. Hizo ni namba za faiba yenyewe. Kebo nzima ina mipaka yake iliyo kwenye karatasi ya mtengenezaji, na wakati wa kuvuta ni mikali zaidi kuliko ikiwa imetulia.

Kwenye kila pembe ya trankingi weka kipande cha kona cha mviringo. Kufungia, tumia utepe wa kunata wa nguo, uulegeze hadi kebo iweze kuzunguka ndani yake ukiisukuma kwa kidole. Ukimaliza pima kwa 1310 na 1550 kabla ya kufunga vifuniko, na OTDR yako ikiwa na 1625 pima hiyo pia: kona ndogo ambayo 1550 bado inaivumilia, 1625 itaionyesha kwanza.

Na kagua ghorofa nyingine za jengo hilo. Aliyekaza kamba ya nne huenda ndiye aliyekaza ya pili na ya tano.