Mjadala: Nauza amplifaya nabaki na malti-efekti. Nani ana sababu ya kunizuia?

Wadau wa gitaa habari zenu. Hili suala limenikaa kichwani mwezi mzima sasa naona nilimwage hapa tubishane kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Nina amplifaya ya gitaa, Fender Twin Reverb ya zamani, ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), wati 85, uzito wake karibu kilo 30. Wanaoijua wanaijua. Nilikuwa naipenda kama gari. Sasa wiki tano zilizopita tulikuwa na harusi Mbagala, nimeikodia bajaji kutoka Tabata, dereva analalamika njia nzima, nimefika ukumbini nimeibeba mwenyewe ngazi mbili mgongo umekufa. Naiwasha, nimefika namba tatu tu kwenye sauti fundi mitambo ananikimbilia, "kaka punguza, MC hasikiki". Nashusha mpaka moja na nusu. Pale Twin haina utamu wowote, ni kama simba umemfunga kwenye banda la kuku. Saa nne usiku umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, umeme unapanda unashuka, mimi naangalia zile valvu roho iko mkononi, siwazi hata kodi, nawaza zikiungua nazipata wapi.

Jumamosi iliyofuata nikasema liwalo na liwe. Nikaenda na Zoom G1X Four, ndiyo malti-efekti yangu, kiboksi kimoja cha dijitali chenye efekti nyingi ndani, kwenye begi la mgongoni, nimepanda daladala kama abiria mwingine yeyote. Kile kidude kinatumia betri nne za AA ukitaka, umeme ukikatika chenyewe kinaendelea. Nikachomeka jeki moja kwa moja kwenye mixa, nikachagua sauti safi, korasi kidogo (inanenepesha kama magitaa mawili), dilei kidogo (mwangwi), nikakung'uta mpaka saa nane. Hakuna aliyeuliza amplifaya iko wapi. HATA MMOJA. Bibi harusi alicheza, wazee walicheza, watu wametunza.

Sasa nauliza kwa nia njema kabisa, kwenye muziki wetu huu wa dansi, kwaya na harusi, amplifaya na pedali za analogi (viboksi vya kukanyaga, kila kimoja na efekti yake, visivyo vya dijitali) zinatusaidia nini zaidi ya sifa? Maana mabishano yote ya "joto la valvu" tumeyaokota kwa wapiga rock, wao wanataka valvu ilie ipasuke. Sisi gitaa letu ni safi. Tangu enzi za Morogoro Jazz gitaa linaongea neno kwa neno. Leteni hoja.

Mpiga gitaa wa kanisani, Mwanza:
Mimi niko na wewe asilimia mia. Kanisani kwetu hairuhusiwi amplifaya madhabahuni, ni kuchomeka kwenye mixa tu, na nilianza na pedali tatu za analogi nikidhani nitasikika vizuri. Jamani! Nikikanyaga disto (ile ya kukwaruza sauti) ilikuwa kama nyuki kwenye kopo la maziwa. Nilimlaumu fundi mitambo miezi, kumbe kosa ni langu. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipandi sana juu ya kilohezi 5, inakata ule ukali wote, ndo maana disto inasikika nene. Spika za ukumbi zinatoa kila kitu mpaka ule mchakacho ambao hukutakiwa kuusikia. Malti ina kitu ndani kinachoiga spika na boksi lake, ukikiwasha ukali unakatwa. Siku nilipokiwasha mchungaji aliniuliza nimenunua gitaa jipya? Gitaa lilelile.

Fundi wa vifaa, Kariakoo:
Ngoja niwaambie kitu ambacho nyie wapigaji hamkioni mpaka kifaa kife. Pedali ya analogi ikija mezani kwangu naifungua naiona yote. Kapasita ipo, rezista ipo, swichi imechoka nabadilisha, jeki imelika chumvi ya bahari napangusa, waya umeachia nachomelea risasi, nusu saa umeondoka nayo. Boss DS-1 imeanza kuuzwa 1978 na mpaka leo mpya bado zinatoka kiwandani, zinakuja hapa nyingine zina umri kuliko mwenye nayo na zinapona. Malti ikija imekufa ubao, chipu ina miguu kama mia imepangwa kama meno ya kitana, programu yake iko kwa mwenyewe kiwandani, nafanyaje? Naichukua spea. Yaani unanunua kitu ambacho kikifa ni marehemu.

Halafu jingine. Wengi mnaua malti wenyewe. Mnachukua adapta ya pedali mnachomeka kwenye malti kisa tundu linaingia. Pedali ya disto ya analogi haili hata miliampia 20, malti inaweza kutaka 500. Mkiunga pedali na malti kwenye adapta moja ya kugawana mnaanza kusikia mlio wa "wiiii" mnasema gitaa lina jini. Hamna jini, ni umeme mchafu wa dijitali unarudi kwenye pedali. Kila kimoja kiwe na njia yake ya umeme iliyotengwa.

Mleta mada:
Fundi nakuheshimu lakini hoja yako inakata pande mbili. Valvu za Twin utanipatia? Na si wewe uliyeniambia kwamba amplifaya ya valvu hata ukiichomoa kwenye umeme bado kuna volti mia kadhaa zimelala kwenye kapasita zinakusubiri? Kitu cha kuniua mimi au fundi mimi nimebeba kwenda nacho harusini cha nini.

Fundi wa vifaa, Kariakoo:
Valvu za kuagiza. Nakiri. Na ndo hivyo usiifungue mwenyewe.

Ila msichanganye analogi na valvu. Hayo mawili siyo kitu kimoja. Roland JC-120 imetoka 1975, ni transista tupu, haina valvu hata ya dawa, wati 120, spika mbili, na korasi imejengwa humohumo ndani, ikawa ndiyo inayosifiwa dunia nzima kwa sauti safi. Korasi hiyohiyo wakaiweka na kwenye kiboksi cha kukanyaga mwaka uliofuata ndo ikaanza ile familia ya pedali za CE za Boss. Sasa niambieni, sauti safi yenye korasi, hiyo si ndo sebene yenyewe? Mnabishana na valvu wakati muziki wenu haujawahi kuzihitaji kihivyo.

Kijana wa metali, Arusha:
Mnazunguka tu. Metallica Desemba 2013 walipiga Antaktika, jukwaani hakuna amplifaya inayopiga kelele, magitaa yanapita kwenye dijitali, watazamaji wamevaa hedifoni. Kama wale wenye hela ya kununua kontena zima la amplifaya za Marshall wameridhika, wewe wa Tabata unang'ang'ania nini 😂

Mpiga benga, Kisumu:
Wacha niingilie kutoka huku. Kwa benga gitaa inafaa kukata, iwe kali, nyembamba, ifuatane na ile besi. Mimi nimetumia malti ya watu, sauti iko sawa, sikatai, shida yangu ni kuchelewa. Ukipiga haraka unaskia kama kidole na sauti haviko pamoja. Stima ikipotea pia hiyo kitu yenye haina betri inachukua muda kuamka, unasimama hapo kama mti watu wanakuangalia. Pedali yangu stima ikirudi na yeye amerudi.

Mleta mada:
Hapo kwa kuamka sina la kujibu, kweli inaudhi, yangu imeponea kwenye betri tu. Lakini kuchelewa nimekufanyia hesabu. Sauti hewani inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, maana yake milisekunde tatu ni mita moja hivi. Malti nyingi za siku hizi zinachelewa milisekunde chache tu. Wewe ukisimama mita tatu mbele ya amplifaya yako tayari umeshachelewa karibu milisekunde tisa na hujawahi kulalamika maisha yako yote. Ukisikia kuchelewa kweli basi kuna mrundikano, waya wa hewani (wireless) wa dijitali, halafu malti, halafu mixa ya dijitali, halafu vile vya masikioni vya kujisikilizia jukwaani navyo vya hewani, kila kimoja kinakula chake. Kimoja peke yake hukisikii.

Mpiga benga, Kisumu:
Nilikuwa na ya waya za hewani. Haya, umenishika hapo.

Mpiga solo wa zamani, Temeke:
Vijana, nimewasoma wote. Mimi nimeshika gitaa la solo toka mwishoni mwa miaka ya 70, nimepigia bendi nne, na nimepigia amplifaya ambazo nyie mngeziita jiko. Kwa hiyo sina dini ya valvu. Sisi tulipiga kile tulichokikuta klabuni.

Lakini mwanangu mwenye mada kuna kitu umekisema halafu umekipita. Umesema hakuna aliyeuliza amplifaya iko wapi. Wasikilizaji, ndiyo. Mwenzako wa gitaa la kati je? Ulimuuliza?

Dansi si gitaa moja. Kuna solo, kuna la kati, kuna rhythm, kuna gitaa zito, yaani besi. Wanajibizana. Mimi nikiacha tundu yule wa kati analijaza, nikirudi yeye anatoka, na hilo halipangwi kwenye karatasi, linasikilizwa. Lile boksi nyuma yangu halikuwa kwa ajili ya watu waliokuja kunywa, lilikuwa kwa ajili ya mwenzangu aliyesimama kushoto. Sasa hivi naona vijana wanne jukwaani wote wamechomeka kwenye mixa, na monita (spika za kuwarudishia wapigaji sauti) ziko mbili, zote mbili fundi mitambo kaweka sauti ya mwimbaji. Mpiga gitaa anasikia anachorudishiwa na ukuta wa ukumbi. Wanafanyaje? Kila mtu anapiga mfululizo, haachi tundu, kwa sababu hajui mwenzie yuko wapi. Chemko, pale muziki unapochangamka, linakuwa kama wapangaji wanne wanagombana kila mtu chumbani kwake. Watu watacheza, watu wanacheza hata kwa debe. Ila hilo si gitaa nililolijua mimi.

Mpiga gitaa wa kanisani, Mwanza:
Shikamoo mzee. Hapo umenigusa kweli. Sisi tuko wawili na huwa simsikii mwenzangu kabisa, nikafikiri ndo ilivyo.

Kijana wa metali, Arusha:
Sasa hiyo si kosa la dijitali, ni kosa la monita. Vaeni vya masikioni.

Mpiga solo wa zamani, Temeke:
Marahaba binti. Wewe kijana wa Arusha, ukumbi gani wa Manzese una vya masikioni vya watu tisa? Unaongea ya Antaktika.

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Aisee nimenyamaza dakika ishirini hapa. Ni kweli. Ile Jumamosi niliyojisifia, mpiga rhythm wetu alinifuata mapumziko akasema "leo ulikuwa mbali", nikadhani anamaanisha nimelewa 😅

Lakini bado ngoja nitetee upande wangu. Unachokitaka ni spika nyuma ya mpigaji, siyo analogi. Nikichukua malti, sauti yake nikaigawa, jeki moja ikaenda mixa, na jeki ya pili ikaenda kwenye spika yangu ndogo yenye umeme wake, ya inchi 10, iliyosimama palepale ilipokuwa Twin, mwenzangu ananisikia, MC hanung'uniki, na mgongo unapona. Sivyo?

Mpiga solo wa zamani, Temeke:
Inawezekana kabisa. Mimi sijali ndani kuna nini, hata ukiweka mchwa. Iwe inasukuma hewa na ielekee kwa mwenzako, siyo kwenye visigino vyako.

Fundi wa vifaa, Kariakoo:
Angalizo tu, ukifanya hivyo ule uigaji wa spika uuache umewaka kwa njia zote mbili, maana hiyo spika yako ya inchi 10 ni ya kawaida kama za ukumbi, inatoa ukali wote. Lakini siku ukichomeka malti kwenye amplifaya ya gitaa kama hiyo Twin, UZIME. Watu wanasahau, spika ya gitaa inakata, uigaji nao unakata, sauti inatoka imejifunika blanketi halafu wanaandika humu dijitali haina roho.

Mpiga benga, Kisumu:
Hiyo ndio ilikuwa inanifanyikia!! Miaka miwili nikilaani hiyo mashine.

Mleta mada:
Wakuu, wiki mbili zijazo tuna mazoezi, nitaipeleka Twin kwa mara ya mwisho, na malti na spika ya kuazima. Nitaweka kitambaa mbele, mpiga rhythm ageuke ukutani, nimbadilishie bila kumwambia aseme lini ananisikia vizuri. Nitaleta majibu hapa hata yakinidhalilisha.

Kijana wa metali, Arusha:
Ukishindwa Twin inabaki?

Mleta mada:
Ikibaki nani ataibeba?

Mpiga solo wa zamani, Temeke:
Mwanangu, hivi ulisema unaiuza bei gani?