Sarafu ya tembo ya Tabora: niiuze kwa uzani au kama ilivyo?

Mjukuu: Ndugu zangu, marehemu babu alituachia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili. Sonara mmoja hapa Nairobi anataka kuinunua kwa uzani ili aiyeyushe. Je, bei hiyo ni ya haki?

Mzee wa Sarafu: Usiiache mkononi mwake hata usiku mmoja. Ilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita, na zilitoka takribani 16,000 tu. Ina gramu 7.17 za karati 18, yaani robo tatu tu ndiyo dhahabu, kwa hiyo dhahabu halisi haifiki gramu 5.4. Sarafu ya dhahabu ya Uingereza ya pauni moja (sovereign) ina gramu 7.32 za dhahabu halisi, lakini zile za kawaida zimezagaa duniani, hivyo huuzwa karibu na thamani ya dhahabu yake, ilhali hii yako hutafutwa na wakusanyaji kwa uchache wake.

Mama Kidani: Nakubali, ila ipimwe kwanza na mtaalamu wa sarafu, kwa sababu za bandia zipo. Tena usiisugue.

Mjukuu: Asanteni. Bibi aliivaa kama kidani, na ukingoni kuna alama ya kulehemu.

Mzee wa Sarafu: Pole, alama hiyo itapunguza bei sana. Hata hivyo, isiyeyushwe.